"Salama, Ila…": Habari za Kideri na Ujirani wa Wafugaji wa Kuku Kandokando ya Sabaki

Wanaisimu wanapolitaja jina Sabaki, aghalabu hukusudia kundi la lugha za Kibantu lililochunguzwa kwa kina na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993: Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Kwetu sisi tuliolelewa Magarini, Sabaki ni mto kwanza, ule unaomwaga maji yake mekundu baharini kaskazini mwa Malindi, kabla hujafika Mambrui. Makala haya yanauhusu mto, ingawa lugha haitakosa kujitokeza. Yanakusudia kueleza jinsi wafugaji wa kuku wa kienyeji kandokando ya mto huo wanavyopashana habari za hasara, wanavyoshauriana na kuinuana, na kwa nini habari hizo zina thamani kuliko dawa nyingi wanazouziwa. Msomaji aliyezoea kukuta hapa uhakiki wa riwaya na tendi asiwe na haraka ya kufunua ukurasa. Kuku hakuingia katika fasihi yetu jana.

Husimuliwa kwamba mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipokabiliana na Arthur Champion, afisa wa Kiingereza aliyekuwa akiwadai Wagiriama kodi na vijana wa kazi, alileta mbele ya baraza kuku mwenye vifaranga. Akamtaka afisa yule ajaribu kumchukua kifaranga mmoja tu. Champion alipoinama, kuku akamdonoa. Hivyo ndivyo itakavyokuwa, Mekatilili akasema, ukiwagusa wana wetu. Masimulizi yana matoleo kadhaa kuhusu kilichofuata pale barazani. Kilichofuata nchini kinajulikana: vita vya mwaka 1914, na Wagiriama kulazimishwa kuhama ukingo wa kaskazini wa Sabaki. Kinachonivutia ni kwamba hoja ile haikuhitaji ufafanuzi. Kila aliyekuwapo alikuwa na kuku kwake, naye alimjua mwenye vifaranga alivyo.

Adui mkubwa wa kuku huyo si mwewe wala kicheche, bali kideri. Tanzania wengi hukiita mdondo, na madaktari wa mifugo hukiita ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana pia katika kisiwa cha Java. Huletwa na virusi, na kuku akishaugua hakuna tiba. Huanza kuzubaa na kushusha mabawa, hukoroma, huhara kinyesi cha kijani, na wale wanaochelewa kufa hupinda shingo au kupooza miguu. Penye kuku wasiochanjwa, kideri kinaweza kumaliza takriban banda zima katika siku chache. Bata huweza kuvibeba virusi bila kuonekana wagonjwa, jambo linalomfanya mwenye mji aape kwamba ugonjwa umeletwa na upepo. Kauli hiyo si upuuzi mtupu. Kaskazi huanza kuvuma karibu na Desemba, na Desemba ndio mwezi ambao kuku huhamishwa kwa wingi, kwa ajili ya Krismasi, harusi na wageni kutoka Mombasa na Nairobi. Kinachosafiri ni tenga la mchuuzi, lakini kwa mwenye kuku, tenga na upepo hufika pamoja.

Nilikuwa kidato cha tatu kideri kilipoingia kwa hawe, kama tumwitavyo nyanya kwa Kigiriama. Alikuwa na kuku 26, na nusu yao walikuwa karo yangu ya muhula uliokuwa ukikaribia. Siku ya pili, wakiwa wamekwisha kufa wanne, alipita mchuuzi na baiskeli yake yenye tenga. Alikuwa na pesa mkononi, na kuku waliosalia walikuwa wangali wakitembea na kuchakura, asingetambua lolote. Baada ya maamkizi akauliza hali ya nyumbani. Hawe akamjibu, "Salama, ila kizimba kimenyamaza. Usiingie na tenga lako, mwanangu." Mchuuzi akageuza baiskeli palepale mlangoni, na kufikia magharibi kila mji uliokuwa kwenye njia yake ulikuwa na habari. Ndani ya siku tisa tulibakiwa na kuku watatu. Nami, nikiri, nilimkasirikia hawe kwa muda mrefu.

Miaka ilipita kabla sijaanza kuitafakari ile "ila". Katika maamkizi ya Kiswahili, na ya Kigiriama vilevile, jibu la kwanza huwa jema. Mtu aliyefiwa husema "njema" kabla ya kutaja msiba. Adabu hiyo huwashangaza wageni, wakadhani tunaficha mambo. Kwa hakika, habari yenyewe hukaa baada ya jibu, na kiunganishi "ila" ndicho kiufungulio chake. Anayeishia kwenye "salama" hajavunja kanuni yoyote ya maamkizi. Hakuna atakayemwita mwongo. Hata hivyo, ameuza ugonjwa. Wapo wafanyao hivyo kila mara kideri kinapozuka: huwapeleka sokoni kuku wanaozubaa kabla hawajafa, kwa bei ya chini, na baada ya juma moja soko zima limerudi nyumbani na virusi. Siwalaumu kwa wepesi, kwa kuwa nilikwisha kutamani hawe awe mmoja wao. Kusema "ila" kuna gharama, na gharama hiyo humwangukia asemaye peke yake.

Swali basi ni vipi ujirani humlipa. Kwanza humlipa kwa pole. "Heri kuku kuliko mtu," wataambiana, na wapo wanaoshikilia kwamba kuku wamebeba balaa lililokuwa likimjia mwenye nyumba. Lakini isidhaniwe kuwa pole hiyo ni maneno matupu. Anayekuja kutoa pole huketi, na akiketi huuliza. Wameanza lini? Kinyesi kina rangi gani? Yule jogoo mwekundu ulimnunua wapi, na siku gani? Majibu hurudi nayo kwake, na usiku huohuo vifaranga wake hawatoki nje. Wanawake wawili kwenye mkeka wamefanya uchunguzi ambao afisa wa mifugo, mwenye eneo kubwa na pikipiki moja, angeufanya baada ya juma zima.

Ushauri utokao kwenye mkeka huo haulingani kwa ubora. Majani ya mwarobaini, utomvu wa mshubiri na pilipili zilizopondwa hutiwa katika maji ya kunywa. Sina nia ya kuibeza miti hiyo, na huenda ina manufaa mengine, ila hakuna kati yake unaoponya kideri. Madhara yake ni kumpa mfugaji matumaini ya siku mbili ambazo angezitumia kuchoma mizoga au kuifukia kwa kina, badala ya kuitupa kichakani mbwa wakaitawanya. Ushauri mwingine ni wa dhahabu, nao umehifadhiwa katika methali tuliyoifundishwa shuleni kana kwamba inawahusu wageni wa watu tu: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku aliyenunuliwa hufungwa kando asichanganyike na wenyeji. Madaktari wa mifugo nao hutaka atengwe majuma mawili. Sisemi kwamba methali ilitungwa kwa ajili ya kideri. Nasema kwamba wanaoitumia hivyo wanaitumia vyema.

Kinga yenyewe ni chanjo, na hapa ujirani huacha kuwa hisani ukawa hesabu. Nchini Kenya chanjo hutengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo. Ile ya aina ya I-2, iliyostawishwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa kuwafikiria watu wa vijijini, huvumilia joto kuliko chanjo za awali, nayo imetumika sana Msumbiji na Tanzania. Hutiwa tone moja jichoni, kwa jogoo na kwa kifaranga sawasawa, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja hata hivyo ni cha kuku wengi, pengine mia au zaidi, na chanjo ikishachanganywa haingoji juma lijalo. Mwenye kuku 12 akikinunua peke yake, amemwaga sehemu kubwa ya pesa zake. Hana budi kuwatafuta wenzake.

Wagiriama wana neno mweria, yaani kazi ya zamu ambapo leo hulimwa shamba la huyu na kesho la yule. Chanjo imelirithi umbo hilo. Alfajiri, kabla vizimba havijafunguliwa, kikundi huingia mji hadi mji: mmoja humshika kuku, wa pili hutia tone, mtoto huhesabu, na mweka hazina huandika. Ugumu hutokea kwa asiye na pesa siku hiyo. Vikundi vyenye busara humlipia na kumdai baadaye, kwa kuwa kuku wake wakiachwa kideri kina mahali pa kuanzia.

Kuna neno moja la lawama kwetu wanafunzi wa Kiswahili. Vipeperushi vya ufugaji nilivyopata kuviona nyumbani vilikuwa ama vya Kiingereza, ama vya Kiswahili cha kutafsiriwa ambamo Newcastle limetajwa kila mstari na kideri hakijatajwa kabisa. Nilimwona mama mmoja akikisoma kimoja hadi mwisho, kisha akauliza kama kuna kingine kinachoeleza habari za kideri. Kazi ya kuyakusanya majina ya magonjwa kama yasemwavyo Ganze, Marafa, Lamu na Pemba haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu wa kuketi mkekani.

Nirudi kwa hawe. Miezi mitatu baada ya kideri, alikuja jirani wa ng'ambo ya shamba, mmoja wa walioonywa na mchuuzi siku ile na kuku wake wakasalimika. Alikuwa amemkumbatia tembe mweupe. Ilijulikana kwamba akitaga na kuangua, kifaranga mmoja wa kike atarudi alikotoka mama yake. Lakini jirani hakusema "nakupa", wala hakusema "nakukopesha". Alisema, "Nishikie huyu, nyumbani wananizidi." Hawe akampokea, akamfunga kamba mguuni nyuma ya jiko, mbali na wale watatu, akaanza kuhesabu siku 14.