Safari ya Zawadi Hadi Nakivale (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliwatazama vijana wa ng'ambo wanaochanga fedha na kufunga zawadi za watoto wa vijijini wasiowafahamu. Tuliona jinsi jambo hilo lilivyoanza Wrexham, Wales, mwaka 1990, zawadi zilipopelekwa kwa watoto wa Romania, na jinsi shirika la Samaritan's Purse lilivyolipokea mwaka 1993 na kulieneza hadi masanduku ya zawadi yakapita milioni 200. Leo twende upande wa wapokeaji.

Sanduku ninalolikumbuka mimi lilitoka kwingine, nalo lilifunguliwa Nakivale chini ya mti, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Mpokeaji alikuwa mvulana wa Kikongo wa darasa la tatu. Alitoa kwanza glavu za sufu. Akazivaa mikononi, akazivua, kisha akamvisha mdogo wake miguuni kama soksi. Zikafuata penseli sita za rangi. Kichongeo hakikuwemo. Akapekua mpaka chini, akaniuliza, "Mwalimu, daftari liko wapi?" Daftari halikuwepo. Ilikuwepo barua ya msichana wa rika lake, imeandikwa kwa mkono, na picha yake akiwa na mbwa. Aliniomba nimsomee kwa Kiswahili, nikamsomea, akaniomba tena. Halafu akauliza atamjibu vipi. Swali hilo sijalisahau mpaka leo, kwa kuwa barua ile haikuwa na anwani.

Kwa asiyepajua, Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, Uganda, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi Afrika. Leo wakazi wake wamepita laki moja. Wengi ni Wakongo, nao wanaishi pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Kiswahili utakisikia bombani, sokoni na kanisani.

Sasa fikiria njia ya sanduku. Linashushwa Mombasa, linapita forodha, linavuka mpaka Malaba, linafika Kampala, kisha linashika barabara ya Masaka na Lyantonde mpaka Mbarara. Hapo Mbarara linapita mbele ya maduka yenye daftari, penseli, vichongeo, ndala, sare na masweta ya shule, kila kitu ambacho mtoto yule alikihitaji, tena kwa kipimo cha huku. Kisha linaingia barabara ya vumbi likiwa limebeba glavu.

Liko pia suala la kalenda. Mwaka wa shule Uganda huanza Februari na kwisha Desemba. Zawadi ya Krismasi, hata ikiwahi, inamkuta mtoto likizoni. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure tangu 1997, lakini sare, daftari na mchango wa chakula bado ni mzigo wa mzazi, na mzazi wa Nakivale tangu 2020 ameona mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ukipunguzwa zaidi ya mara moja. Februari ndipo mama anaposhika hela kidogo na kupima: posho au daftari?

Kwa msichana aliyevunja ungo mambo ni magumu zaidi, kwani akikosa pedi atakosa na masomo. Hapa hatuna sababu ya kungoja meli. Kampuni ya AFRIpads imekuwa ikishona pedi za kufuliwa katika eneo la Masaka tangu 2010, na mwaka 2018 ilishirikiana na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kuzijaribu katika makazi ya kusini-magharibi mwa Uganda. Kabla ya hapo Dakta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni MakaPads, pedi zinazotengenezwa kwa mafunjo na karatasi chakavu. Mafunjo, msomaji, yale yanayoota kwenye vinamasi vyetu!

Kununua hapa kuna faida nyingine. Watafiti wa Oxford walionyesha mwaka 2014 kwamba Kampala, mkimbizi 1 kati ya 5 alikuwa na biashara iliyoajiri watu wengine, na asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa Waganda. Shilingi anayopewa fundi cherehani wa Nakivale hailali kwake. Inakwenda kwa muuza kitambaa wa Mbarara na kwa mwenye boda boda.

Simlaumu kijana wa ng'ambo. Moyo wake ni mwema, na barua ile ni ushahidi. Nasema tu kwamba barua ndiyo isiyopatikana Mbarara, kwa hiyo barua na isafiri, na iwe na anwani. Fedha nazo zisafiri. Vingine vyote vinunuliwe na kufungwa huku, na vijana wa Nakivale wenyewe, wanaojua nani hana viatu.

Wapo wanaoweza kuunganisha pande hizo mbili. Maelfu ya Wakongo wamehamishiwa Marekani, Kanada na Australia, na miongoni mwao wamo waliosoma Nakivale. Mlango wa Marekani ulifungwa Januari 2025, lakini waliokwisha kwenda wana simu, na tangu 2019 mkimbizi aliyeko Uganda ameruhusiwa kusajili laini kwa kitambulisho chake cha ukimbizi. Fedha inaingia kwa simu kabla chai haijapoa.

Basi wewe mwenye ndugu huko, mwambie kikundi chake cha vijana kimpigie mwalimu kwanza, kimuulize kinachohitajika, na kifanye hivyo kabla Januari haijaisha. Shule zinafunguliwa Februari.