Gharama ya Saratani ya Mlango wa Kizazi Haiishii Dirishani

Katika vituo vya umma nchini Tanzania, uchunguzi wa mlango wa kizazi hutolewa bila malipo. Hata hivyo, wanawake wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Inakadiriwa kuwa kila mwaka zaidi ya wanawake 10,000 nchini hupata saratani hii, na zaidi ya 6,500 hufariki. Ikiwa uchunguzi ni bure, ni gharama gani inayowazuia? Kwa sehemu kubwa, jibu limo katika safari na siku za kazi zinazopotea.

Siku moja

Mhudumu hupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki, yaani siki iliyopunguzwa makali, kisha husubiri dakika moja. Sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Badiliko dogo huweza kutibiwa papo hapo kwa kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto. Kazi hiyo huchukua dakika chache, bila kulazwa wala dawa ya usingizi. Kwa mama anayeanika dagaa mwaloni, gharama ni nauli na siku moja ya kazi.

Lakini akichunguzwa leo na kuambiwa arudi juma lijalo kwa kuwa gesi ya kugandishia imekwisha, gharama hiyo huongezeka maradufu, na huenda asirudi tena.

Wiki tano

Saratani ikishajijenga, hesabu hubadilika. Huchukuliwa kinyama na kupelekwa maabara ya patholojia, kisha picha hupigwa ili kujua ugonjwa umefikia wapi. Mionzi ya nje kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa takriban wiki tano, pamoja na dawa za saratani mara moja kila wiki. Baadaye hufuata mionzi ya ndani.

Mgonjwa kutoka Ukerewe au Ukara hawezi kuvuka ziwa kila siku. Hana budi kutafuta mahali pa kulala Mwanza, yeye na anayemwuguza, huku watoto na shamba vikibaki mikononi mwa wengine. Hata pale matibabu yanaposamehewa, chumba, chakula na nauli havisamehewi.

Mzigo huu umepungua kiasi. Zamani wagonjwa wa Kanda ya Ziwa waliohitaji mionzi walisafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa huduma hiyo ipo Bugando, na tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea watu wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko. Wakazi wa visiwani bado hungoja meli na boti.

Dozi moja

Mwanza yenyewe imesaidia kupunguza gharama ya kinga. Utafiti wa DoRIS, ulioanza hapa mwaka 2017 kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ulionyesha kuwa hata dozi moja ya chanjo ya HPV huamsha kinga ya kutosha mwilini. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia kwenye dozi moja.

Wajibu wetu

Kwa mhudumu: hakikisha gesi na vifaa vipo kabla ya kutangaza siku ya uchunguzi, na tibu siku hiyo hiyo inapowezekana. Unapompa mgonjwa rufaa, mweleze atakaa mjini siku ngapi, na umwelekeze ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, kabla fedha hazijamwishia.

Kwa msomaji: ukifikisha miaka 30, nenda ukachunguzwe hata kama huumwi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25, kwani hatari yake ni takriban mara sita ya wengine. Damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi isisubiri tarehe ya kliniki. Siku moja ya kuacha dagaa huuma, lakini ni nyepesi kuliko wiki tano mbali na nyumbani.