Wimbo Mpya wa Kiangazi Simiyu Usambazwe na Jina la Mwenyewe

Mkoa wa Simiyu unaishi kwa kalenda ya pamba. Msimu wa ununuzi hufunguliwa Mei, mavuno huendelea hadi kuelekea Agosti, na baada ya hapo mvua haitarajiwi mpaka Oktoba au Novemba. Katika nafasi hiyo fedha zipo, kazi za shamba zimepungua na barabara za vijijini zinapitika. Ndipo ndoa zinapofungwa, minada inapofurika na ngoma zinaposhindanishwa. Ndipo pia wimbo ambao mwaka jana haukuwapo unaposikika Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega kwa wakati mmoja.

Nyimbo hizi nyingi huimbwa kwa Kisukuma, na waimbaji wake wengi hawana lebo wala meneja. Manju hutunga mwenyewe, hujilipia studio, humlipa mpiga video na kuwalisha wachezaji wake. Watu kama Bhudagala, Nelemi Mbasando na Gude Gude wanafahamika Kanda ya Ziwa nzima, ilhali msikilizaji wa Dar es Salaam anaweza kumaliza mwaka bila kuwasikia redioni. Nyuma yao wako manju wengine ambao hata jirani wa wilaya ya pili anaujua wimbo wao bila kuwajua wenyewe. Tatizo hilo la mwisho ndilo linalostahili kuchambuliwa, kwa sababu halitokani na uhaba wa vipaji wala wa wasikilizaji. Linatokana na namna wimbo unavyosafiri.

Hamu ya wimbo mpya kila msimu haikuletwa na simu. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyohusishwa na waanzilishi wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Katika mashindano yao, pande mbili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda wanakovutwa. Mshindi ni aliyekusanya umati mkubwa zaidi. Mfumo huo ulimlazimisha manju kutunga upya, kwa kuwa aliyerudi uwanjani na nyimbo za mwaka uliopita aliwaona watu wakimhama mchana kweupe. Huko Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, ambako Padri David Clement kutoka Kanada aliweka msingi wa kituo cha utamaduni wa Wasukuma, ushindani huo bado unaonekana kila Juni katika sherehe za Bulabo.

Uwanjani jina halikuwa na shida. Aliyeimba alikuwa mbele ya macho ya watu, na aliyependa wimbo alijua pa kumfuata.

Leo wimbo unakutana na watu wengi zaidi, lakini kwa njia nyingine. Chukua kibanda cha fundi simu katika senta yoyote ya Simiyu. Kuna kompyuta, spika na nyaya za kuchajia. Mteja anatoa memori kadi au flashi, anataja aina ya muziki anaoutaka, analipa kidogo na kuondoka na mamia ya nyimbo. Mara nyingi hataji mwimbaji mmoja mmoja, anamwachia fundi. Kwa hiyo fundi ndiye mchaguzi mkuu wa muziki wa mkoa, mwenye nguvu kuliko watangazaji wengi. Akiupenda wimbo, ndani ya wiki chache utakuwa kwenye redio za bodaboda, kwenye sabufa za vilabu na kwenye simu ya mchungaji aliye malishoni.

Hapo hapo ndipo jina linapoanza kupotea. Faili linapohamishwa kutoka kifaa hiki kwenda kingine hubadilishwa jina, hupewa namba, au hubandikwa jina la kibanda kilicholisambaza. YouTube nako kuna mtihani wake: wimbo mmoja hupakiwa na watu kadhaa, na mwimbaji huyo huyo huandikwa Budagala mahali pamoja na Bhudagala mahali pengine. Anayetafuta kwa tahajia moja haoni yaliyo chini ya nyingine, na watazamaji wa kazi moja wanagawanyika kwenye akaunti ambazo mwimbaji hanufaiki nazo.

Waimbaji wenyewe wameliona hilo siku nyingi. Sikiliza nyimbo za Kisukuma kwa makini: mwimbaji hujitaja, hutaja kwao, huwataja waliomfadhili, na wapo wanaotaja hata namba ya simu. Msikilizaji mgeni huona ni majigambo tu. Majigambo yamo, na ni sehemu ya sanaa yenyewe tangu enzi za mashindano. Lakini kujitaja kunafanya pia kazi ya jalada la kaseti: hata faili likifika bila maandishi yoyote, sauti yenyewe inaeleza mwenye wimbo ni nani. Dawa hiyo inashindwa pale tunapokata kipande kifupi cha kuweka stetasi. Tunachukua pale panapochezeka, tunaacha pale alipojitaja.

Jina likipotea, hasara ya kwanza ni ya fedha. Manju asiye na lebo hupata kipato kikubwa kwa kualikwa harusini, mnadani na kwenye kampeni. Kamati ya harusi haiwezi kumwalika mtu isiyemjua. Kisha kuna mirabaha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ndiyo iliyoweka msingi wa COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaongeza tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi na kuhifadhi kazi za sanaa. Ni hatua nzuri, kwa kuwa inagusa vifaa vya aina ile ile vinavyoubeba muziki wetu. Hata hivyo hakuna ofisi inayoweza kumlipa mtu ambaye kazi yake haijasajiliwa, au inazunguka bila jina.

Hasara ya pili ni ya kumbukumbu. Mtafiti Frank Gunderson alipochapisha mwaka 2010 mkusanyiko wake wa nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya 300, aliwezesha wajukuu kujua babu zao waliimba nini walipolima. Nyimbo tunazozicheza leo ni nyingi kuliko hizo kwa mbali, lakini miaka 30 ijayo nani atajua zilikuwa za nani? Linganisha na Saida Karoli wa Kagera. Diamond Platnumz na Rayvanny walipoutengeneza upya wimbo wake mwaka 2016 kwa jina la Salome, nchi nzima ilijua chimbuko lake ni Maria Salome wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jina la mama huyo likarudi midomoni mwa watu. Jina lilimlinda kwa sababu lilikuwa limeshikana na wimbo.

Kwa hiyo anayetaka kukusanya nyimbo zake za kiangazi, na kuwagawia wenzake, ana kazi ndogo ya kufanya. Asikilize wimbo wote kabla ya kuukata, ili apate jina na kijiji. Aandike jina la mwimbaji mwanzoni mwa faili, kisha jina la wimbo na mwaka. Akiona tahajia mbili, aziandike zote mbili. Atume kiungo cha akaunti ya mwimbaji mwenyewe pale anapokuwa nayo. Akiwa mnadani au harusini, amuulize manju jina lake anapomtunza. Mafundi simu wanaweza kufanya zaidi ya sisi wote, kwa kuwa faili lililoandikwa vizuri kwenye kompyuta moja hunakiliwa vizuri kwenye mamia ya memori kadi.

Maofisa utamaduni wa halmashauri nao wawafuate manju huko huko kwenye minada na kuwasaidia kusajili kazi zao, maana wengi hawataifuata ofisi mjini. Muziki wa Simiyu una watunzi, una wapenzi na una njia ya kuufikisha kwa watu. Kinachokosekana ni jina juu ya wimbo, na hilo kila mwenye simu anaweza kuliandika. Ndugu msomaji, kiangazi hiki usitume wimbo usiotaja mwenyewe.