Kikaragosi cha Watu Watatu au cha Mkono Mmoja?

Mwalimu anayetaka kuanzisha kikundi cha vikaragosi Haydom au Katesh huuliza kwanza bei. Mimi ningeanza kwa kuhesabu watu.

Katika bunraku, maigizo ya vikaragosi ya Osaka, kikaragosi kimoja huchezwa na watu watatu: mkuu hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Kwa desturi mtu hukaa miaka 10 miguuni na mingine 10 kwenye mkono wa kushoto kabla ya kukabidhiwa kichwa. Karne ya 19 Wajapani wengine walibuni kuruma ningyo: mchezaji mmoja huketi kwenye kigoda cha magurudumu, akibana visigino vya kikaragosi kwa vidole vya miguu yake. Kinaokoa watu wawili, lakini magurudumu yanataka sakafu laini. Kwenye vumbi la mnada hayaendi.

Kwa kikundi kinachosafiri, cha mkononi ndicho nafuu. Soksi, vifungo viwili, sponji ya godoro kuukuu, nauli moja kutoka Mbulu hadi Dongobesh. Wachezaji watatu ni nauli tatu na sahani tatu za makande. Ila cha mkononi kina gharama iliyojificha: pazia, miti na kamba za kumsitiri mchezaji, na upepo ukivuma pazia linamwacha wazi. Wachezaji wa bunraku husimama mbele ya macho ya watu, wasaidizi wakiwa wamejifunika nyeusi hadi usoni. Huku kwetu kaniki inatosha.

Vya mpira kama vya XYZ Show, kipindi alichokianzisha Gado nchini Kenya mwaka 2009, ni vya televisheni. Viache.

Shuleni hesabu inageuka. Klabu ya watoto 40 inahitaji vikaragosi 40 vya mkononi, kila mtoto na chake. Vya watu watatu ni 13 tu, na mtoto anayebaki anakuwa msimulizi, maana katika bunraku sauti ya mtu mmoja yaweza kubeba wahusika wote.

Kichwa cha Osaka huchongwa kwa mti wa hinoki. Chetu kiwe kibuyu kikavu, pua ya gazeti na gundi ya unga. Ni chepesi, mkono wa mtoto hauchoki upesi. Kikiinama kidogo kabla mkono haujanyanyuka, watazamaji wanaona mtu anayewaza.

Anza na kimoja. Watoto watatu wakiweza kukiketisha bila kukiangusha, shona cha pili.