Kizingiti cha Kibanda Umiza

Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama na Msalala hadi Katoro na Geita mjini, ukumbi wa sinema ambao wakazi wengi wameuzoea ni kibanda umiza, yaani chumba cha matofali au mabati chenye runinga moja au mbili, mabenchi ya mbao, spika kubwa na aghalabu mlango mmoja, ambamo filamu na mechi huoneshwa kwa kiingilio kisicho mbali sana na bei ya soda. Chini ya mlango huo mara nyingi kuna kizingiti, ambacho ni tuta la saruji au safu ya matofali yenye kimo cha kiganja au zaidi kidogo. Mtu anayetembea hukivuka bila kukikumbuka, lakini kwa mtu anayetumia kiti mwendo, au ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa pedeli za mkono, kizingiti hicho ndicho kinachoamua kama jioni hiyo ataitazama filamu au ataisikia tu.

Kuisikia si jambo dogo katika sinema ya aina hii. Filamu nyingi za kigeni zilizojaza vibanda vya Tanzania zilikuja na sauti ya msimulizi aliyetafsiri, akafafanua, akatania na wakati mwingine kuongeza yasiyokuwamo, kama walivyofanya Lufufu na baada yake King Rich, kiasi kwamba aliyeketi nje ya ukuta wa bati angeweza kufuata kisa kutoka mwanzo hadi mwisho, akacheka pamoja na waliomo ndani na kujua nani ameuawa. Huenda ndiyo sababu watu wengi hawajaona kuwa aliyebaki nje amekosa kitu. Hata hivyo, kusimuliwa picha hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni kuitazama, na katika mpira tofauti hiyo inauma zaidi, kwa kuwa kelele za goli huwafikia wa nje kabla hawajajua limefungwa upande gani.

Kizingiti chenyewe hakikuwekwa kwa ubaya, na hapo ndipo ugumu wa suala hili unapoanzia. Sehemu kubwa ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao Wasukuma huuita mbuga, udongo unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka utelezi masika, na ambao ukishashiba maji huyaacha yatiririke juu yake badala ya kuyameza. Kwa chumba kilichojengwa usawa wa ardhi, chenye nyaya za umeme zilizotambazwa sakafuni na runinga ambayo ndiyo mtaji wote wa biashara, mvua moja ya nguvu inatosha kuifunga kazi hiyo, na kwa hiyo fundi huinua kizingiti kwanza na kufikiria mlango baadaye. Upande wa Geita, ambako mvua ni nyingi zaidi na miteremko ya vilima huyaleta maji kwa kasi, hoja hiyo ina nguvu zaidi. Kizingiti huzuia pia vumbi la barabarani, hupunguza mwanga unaopenya chini ya pazia, na huwanyima watoto wasiolipa ule upenyo wa kulala kifudifudi wakachungulia.

Dawa ya kizingiti, kwa wataalamu wa majengo, ni mteremko, na kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inahitaji walau sentimita kumi na mbili za urefu ili mtu aweze kujisukuma mwenyewe bila kurudi nyuma. Kizingiti cha sentimita 15 kitahitaji basi mteremko wa sentimita 180, na kibanda kilichobanwa kati ya duka la vocha na mfereji wa barabara hakina sentimita hizo mbele ya mlango wake. Mteremko mfupi zaidi unawezekana, ila aliye kwenye kiti atahitaji mtu wa kumsukuma, na msaada huo ukishakuwa sharti, uhuru wa kuja na kuondoka saa anayotaka unapungua.

Mwenye kibanda, ambaye ndiye anayeijua biashara hii kwa ndani, ana majibu yake, na majibu hayo yanastahili kuelezwa kwa ukamilifu kwa sababu hayana dharau. Hesabu yake huanza na benchi. Benchi huuzwa kwa makalio, kama wasemavyo wenyewe kwa utani, na siku ya Simba na Yanga mahali pa watu wanne huketi sita; kiti mwendo, ambacho upana wake hukaribia sentimita 70 na ambacho hakibanwi na jirani, hula nafasi ya wateja wawili au watatu, na ili kigeuke kinahitaji uwazi wa takriban mita moja na nusu, uwazi ambao kibandani ungekuwa ni mabenchi mawili yaliyotolewa nje. Pili ni suala la kuona. Sakafu ya kibanda ni tambarare, kwa hiyo anayekaa juu ya kiti kirefu kuliko benchi huwakinga walio nyuma yake, nao hawanyamazi. Akiwekwa mbele kabisa, shingo itamuuma kwa kuwa runinga imetundikwa juu ili wa mwisho waione. Akiwekwa mlangoni, ameziba njia pekee ya kutokea. Hoja hiyo ya mwisho ingekuwa na uzito zaidi kama mabenchi yenyewe yasingekuwa yameshaiziba njia hiyo.

Jibu lake la tatu ndilo analolitoa kwa fahari, nalo ni kwamba hakuna anayefukuzwa. Mtu mwenye ulemavu akifika, vijana humnyanyua, baiskeli yake huachwa nje chini ya macho ya muuza karanga, yeye huketishwa kwenye benchi kama wengine, na mara nyingi hatozwi kiingilio. Ukarimu huu ni wa kweli, na haufai kubezwa na mtu aliyezoea majengo yenye lifti. Lakini aliyebebwa hawezi kutoka kwenda kujisaidia mpaka wambebe tena, hawezi kuondoka filamu ikimchosha, na miguu yake, ambayo ni ile baiskeli, imebaki gizani kwa mtu mwingine. Zaidi ya hayo, asiyelipa ni mgeni wala si mteja, na mgeni haulizi kwa nini amewekwa nyuma ya nguzo. Huruma iliyomwondolea kiingilio imemwondolea pamoja nacho haki ya kulalamika, na haijulikani kama kuna aliyewahi kumuuliza angependa kipi kati ya hivyo viwili.

Jambo linaloisumbua hoja nzima ya mwenye kibanda liko nyumbani kwake. Katika miji ya Kahama, Katoro na Geita, kama kwingineko nchini, pikipiki hailali nje. Ifikapo usiku huingizwa sebuleni au koridoni, na kwa ajili hiyo nyumba nyingi zina ubao mnene unaoegemezwa kizingitini au kimteremko cha saruji kilichotengenezwa upande mmoja wa ngazi. Kwenye maeneo ya kusaga mawe ya dhahabu, toroli iliyojaa viroba hutandikiwa mbao ipite palipoinuka. Ujuzi wa kukivusha kizingiti chombo chenye magurudumu upo basi katika kila mtaa, na gharama yake ni ya ubao mmoja unaotolewa mvua ikianza na kurudishwa ikikatika, ingawa ubao pekee hautatui suala la mabenchi.

Mahali hapa pana sababu yake ya pekee ya kulifikiria suala hili. Uchimbaji mdogo wa Mgusu, Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo hufanyika ndani ya maduara, yaani mashimo ya wima yanayoshikiliwa na matimba, ambayo ni magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, na duara likititia huua, lakini pia huvunja uti wa mgongo wa anayetolewa akiwa hai. Mwaka 2015 nchi nzima ilizungumzia wachimbaji watano wa Nyangalata, wilayani Kahama, waliotolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Habari za ajali kama hizo huhesabu waliokufa na waliopona, na kundi la katikati, la waliopona lakini hawatasimama tena, halina safu yake katika hesabu. Wengi wa wateja wa kibanda umiza ni vijana wa maduarani, kwa hiyo anayebaki nje kwenye baiskeli ya magurudumu matatu anaweza kuwa ndiye aliyekuwa akikaa benchi la mbele kabla ya ajali.

Sheria haikosekani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataja kumbi za sinema kwa jina, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Maonesho ya filamu nayo yana sheria yake tangu 1976. Ila anapofika kibandani afisa utamaduni wa halmashauri, maswali ambayo umma umezoea kuyasikia ni kuhusu wanafunzi wanaotoroka shule, watoto wa usiku na picha zisizofaa; mlango haumo.

Nako kwenye fedha nyingi tatizo halikwisha kwa kuondoa kizingiti. Nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1990 ilikuwa imeshafungua milango ya kumbi, wenye sinema walijenga viti vya ngazi kama vya uwanja wa mpira na kuwaacha watumiaji wa viti mwendo chini kabisa mbele ya kioo, hadi mahakama ya rufaa ikaamua mwaka 2003, katika shauri dhidi ya kampuni ya Regal, kwamba kuingia hakutoshi ikiwa mtu haoni kama wenzake wanavyoona. Dar es Salaam ilipata mwaka 1966 sinema ya kutazamwa ndani ya gari, mahali ambapo leo upo ubalozi wa Marekani, na hapo hapakuwa na kizingiti wala benchi. Sharti lilikuwa moja tu, gari, ambalo kwa wananchi wengi wa wakati huo lilikuwa refu kuliko kizingiti chochote.

Kwa kibanda cha Katoro njia iliyo karibu zaidi ni halmashauri, kwa kuwa ndiyo inayotoa leseni na ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, ambapo mbili kati ya hizo kumi ni za vikundi vya watu wenye ulemavu. Kikundi kinaweza kukopa na kufungua kibanda chake, chenye mlango mpana na mabenchi machache, lakini riziki yake itatoka kwa watazamaji wale wale wanaobanana sita kwenye benchi la wanne. Siku ya mechi kubwa, foleni ikiwa imefika barabarani, kikundi hicho nacho kitalazimika kuamua kama kiti mwendo kilipe kiingilio kimoja, kilipe viwili, au kisilipe kabisa.