Kazi moja si mradi

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya orodha za kazi, zile ambazo siku hizi wengi wetu tunaziweka kwenye simu badala ya daftari. Mtu anaweka programu ya kupangia shughuli, kama Todoist iliyoanza mwaka 2007 au Trello ya mwaka 2011, na baada ya miezi miwili anaiacha. Ukimuuliza sababu, atakuambia orodha haipungui. Mara nyingi kosa si la programu. Kosa ni kuchanganya kazi moja moja na miradi.

Kazi moja ni ile inayokwisha kwa tendo moja: kununua chumvi ya ng'ombe, kumpigia simu bwana mifugo. Mradi ni jambo unalotaka litimie, lakini halitimii bila hatua kadhaa.

Tuchukue mfano wa Oloipiri, huko Loliondo, wilayani Ngorongoro, ambako ng'ombe ndiye karo ya shule na ndiye akiba ya benki. Ndama wengi wa nchi ya wafugaji huuawa na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Chanjo yake ipo, na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanaifahamu tangu miaka ya mwisho ya 1990. Sasa mfugaji akiandika kwenye simu "chanja ndama", ameandika nini hasa?

Chanjo hiyo hutunzwa katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali kupita barafu. Mrija mmoja hutosha makumi ya ndama, na ukishayeyushwa lazima utumike katika muda wa saa chache. Tena, kwa kuwa chanjo ina vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, kila ndama hupigwa papo hapo sindano nyingine ya dawa ya jamii ya tetrasaiklini. Kwa hiyo kwanza ndama wahesabiwe. Pili, majirani wakubaliane siku. Tatu, chanjo na dawa ziagizwe. Mwisho, ndama wazuiwe zizini alfajiri. Mtaalamu akifika na kukuta ndama wamekwenda malishoni, chanjo iliyokwisha kuyeyushwa itamwagwa, na fedha za wenye mifugo zitakuwa zimepotea.

Ndiyo maana programu nzuri hutenganisha mambo haya. OmniFocus, iliyotoka mwaka 2008, ina miradi ya hatua za kufuatana, miradi ambayo hatua yoyote yaweza kutangulia, na orodha ya kazi moja moja zisizohusiana. Katika ule mradi wa kufuatana, hatua iliyo tayari ni moja tu. Nyingine zinangoja zamu. Kama programu yako haina mpango huo, fungua kundi moja uliite "Kazi moja moja", na kila mradi uwe na kundi lake. Uupe jina la matokeo: "Ndama wote wamechanjwa".

Dalili ya kuangalia ni hii: kazi iliyokaa majuma matatu bila kuguswa, huenda ni mradi uliovaa nguo za kazi moja. Ivunje, uandike hatua ya kwanza tu, kisha uipitie orodha yako kila juma. Asiye na simu ya namna hiyo atumie daftari: ukurasa mmoja wa kazi ndogo ndogo, na kila mradi ukurasa wake.

Hayo ndiyo ya juma hili. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.