Soma Udongo Kabla ya Kushika Breki

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alieleza kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika kwa utaratibu unaojirudia kutoka kilimani hadi bondeni. Mpangilio huo aliupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mwendesha pikipiki wa Dodoma anayeiacha lami huupita mnyororo huo kila siku, na kinachomwangusha mara nyingi ni kuingia kwenye pingili mpya na mbinu ya pingili aliyotoka.

Tuanze juu, kwenye vilima vya Irangi, Kondoa. Kokoto za mteremkoni hubiringika chini ya tairi kama punje za mtama. Ukibana breki ya mbele, gurudumu hukwama, na gurudumu lililokwama haliongozeki. Shuka na gia ya kwanza au ya pili, injini ikuzuie, breki ya nyuma isaidie kwa upole. Anayeshuka na frii ili kuokoa petroli ameitupa breki yake bora.

Vilima hivyo vilimomonyoka kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Udongo uliosombwa na mvua ndio mchanga tunaoukuta makorongoni.

Mchangani mambo hugeuka. Ukipunguza mwendo ghafla, uzito huja mbele na tairi la mbele huchimba. Chagua gia ya pili kabla ya kuingia, sogea nyuma kwenye siti, vuta resi kwa usawa, tazama ng'ambo. Usukani ukicheza kidogo, uache ucheze. Ukikaza mikono utaanguka.

Korongo likiwa na maji, zima injini. Mvua yaweza kuwa imenyesha mbali vilimani wakati juu yako jua linawaka. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Subiri yapungue, kisha vuka kwanza kwa miguu na fimbo mkononi.

Chini kabisa ya mnyororo, Mto Bubu unapoishia kwenye kinamasi cha Bahi, tunakutana na udongo mweusi. Kiangazi hupasuka, nyufa zikaweza kunasa tairi. Masika huvimba na kunata. Tope hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Utamkuta kijana amepiga magoti, analichokoa kwa kijiti, anasukuma hatua kumi, anapiga magoti tena. Hapo kuongeza resi ni kuunguza klachi bure. Zunguka, au ngoja jua likaushe njia.

Katika pingili zote kofia ngumu ifungwe kidevuni, hata kama unakwenda shambani tu. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba hupunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Basi rangi ya ardhi inapobadilika mbele yako, punguza mwendo ukiwa bado kwenye udongo unaoufahamu, chagua gia, ndipo uingie. Ukishaingia, nafasi ya kuchagua imekwisha.